Nguzo Iliyofungwa Kibwebwe

Ndugu zangu mafundi na wahandisi, asanteni kwa kufika. Leo nazungumzia kuzifunga nguzo za zege ili zihimili tetemeko, na naanza na hospitali moja ya California. Alfajiri ya tarehe 9 Februari 1971, tetemeko la kipimo cha 6.6 lilipiga bonde la San Fernando. Hospitali ya Olive View, kule Sylmar, ilikuwa mpya kabisa. Ghorofa yake ya chini ilisukumwa upande zaidi ya nusu mita. Nguzo za kwenye kona, zilizofungwa ringi za kawaida, yaani vikuku vya nondo nyembamba vinavyozunguka nondo za wima, zilipasukapasuka. Nyingine, ndani ya jengo hilohilo, zilikuwa zimezungushiwa nondo mfululizo kama springi. Hizo ziliinama, zikamwaga zege la nje, lakini zikaendelea kubeba ghorofa za juu.

Picha za nguzo zile nimezitazama miaka mingi, na bado zinanigusa. Ghorofa za juu hazikuanguka kwa sababu ya nondo zile za mzunguko.

Fikirieni gunia la mahindi lililosimama wima. Unaweza kulikalia. Lichane ubavuni, mahindi yaleyale yanamwagika. Zege nalo likikandamizwa kutoka juu hutanuka pembeni, nondo za wima zinabinuka kuelekea nje, na kama ringi zimeachana mno hakuna wa kuzizuia.

Nguzo iliyokwisha kujengwa hatuwezi kuifungua tuongeze ringi. Tunaifunga kibwebwe kwa nje. Baada ya matetemeko kama lile, California walizivisha nguzo za madaraja mabati mazito ya chuma. Miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha California, San Diego, kikajaribu nyuzi za kaboni. Ni kitambaa kisichofika unene wa milimita moja, kinachobandikwa kwa gundi ya epoksi, nyuzi zake zikizunguka nguzo, si kusimama nayo. Nondo ya kawaida huanza kuvutika bila kurudi kwenye megapaskali (kipimo cha mkazo) 500 hivi. Nyuzi za kaboni huhimili zaidi ya 3,000. Lakini haziashirii chochote kabla ya kukatika, kwa hiyo hesabu yake ifanywe kwa uangalifu mkubwa.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo kazi inapoharibika. Nguzo zetu nyingi ni za mraba. Pembe kali hukata nyuzi, basi lazima isagwe iwe mviringo. Mimi sikubali nusu kipenyo cha mviringo huo kiwe chini ya milimita 25. Plasta yote itoke. Nondo zenye kutu zitibiwe na zege bovu lijengwe upya kwanza, kwa sababu ukifunika uozo, unabaki uozo. Nguzo bapa, ambayo upande mmoja unazidi mara mbili ya mwingine, haibanwi vya kutosha hata ukiizungushia mara kumi. Na epoksi hulainika kwenye joto dogo tu, nyuzi joto 60 hadi 80 kwa aina nyingi, kwa hiyo penye hatari ya moto ifunikwe.

Kuna aliyeniuliza kuhusu Bukoba, tetemeko la 10 Septemba 2016. Nyumba nyingi zilizoanguka kule zilikuwa za matofali na udongo. Kitambaa hiki kisingeziokoa. Ila kwa maghorofa ya zege yanayojengwa leo, ringi zikaribiane juu na chini ya nguzo, na ncha zake zikunjwe kwa pembe ya digrii 135 kuingia ndani ya zege. Hilo halihitaji kaboni.

Nimeleta vipande viwili vya nguzo, kimoja kimesagwa pembe na kingine hapana. Njooni mvishike.