Seva ya Familia Haihitaji Bando

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi. Naona wengine mmeshafungua madaftari. Subirini kidogo, tuelewane kwanza jambo moja.

Wengi wetu hapa Mbeya tukisema waifai tunamaanisha intaneti. Ni vitu viwili. Bando likiisha na ruta, kile kifaa kinachotoa waifai, ikabaki imewashwa, simu na kompyuta za mle ndani bado zinaonana. Picha ikitoka kwenye simu ya mama kwenda kwenye kompyuta iliyo kabatini haipiti Dar es Salaam wala Marekani, inavuka sebule tu. Kompyuta hiyo ya kabatini ndiyo seva: haizimwi, inatunza vitu na kuwagawia wote.

Kompyuta mpakato ya zamani yenye kioo kilichopasuka inatosha. Mimi naipenda kuliko mashine mpya kwa sababu ina betri, umeme ukikatika haizimiki ghafla. (Betri ikivimba, itoeni siku hiyohiyo.) Ikila wati 15 usiku na mchana, kwa siku 30 ni uniti 10.8 za LUKU. Hesabu hiyo muwe nayo kabla mwenye nyumba hajauliza.

Ndani wekeni Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta ulioanza mwaka 1993, haudai malipo ya leseni. Juu yake wekeni programu: Nextcloud kwa picha na nyaraka, Jellyfin kwa video za harusi. Lakini nyumba ikiwa na wanafunzi, mimi naanza na Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti. Wikipedia nzima, hata ya Kiswahili, inakuja kama faili moja. Ipakueni mara moja penye intaneti nzuri, na mtoto wa Uyole atasoma habari za Mkwawa hata kama nyumba nzima haina bando.

Mzee pale nyuma anauliza: nikiwa Iringa, nitaifikia? Hapo pagumu. Laini nyingi za simu hazikupi anwani yako peke yako kwenye intaneti. Mnatumia moja watu wengi, kwa hiyo ukiwa nje huna pa kubisha hodi. WireGuard, programu inayotengeneza njia ya faragha kupitia intaneti, inaweza kusaidia, ila mara nyingi utalazimika kukodi kompyuta nyingine yenye anwani ya wazi. Ushauri wangu, mwaka wa kwanza msifungue mlango wa nje kabisa. Nenosiri likiwa jina la mtoto, wezi wa mtandaoni hawatachukua muda.

Sasa andikeni. Diski hufa, na radi za huku mnazijua. Kila mwisho wa mwezi nakilini kila kitu kwenye diski ya nje, ichomoeni, ikakae kwa ndugu, tuseme Mwanjelwa. Ikibaki imechomekwa, radi moja inamaliza zote mbili. Kila mtu awe na akaunti yake, shangazi asikute wajukuu wanasoma barua zake. Nenosiri la msimamizi walijue watu wawili, liandikwe karatasini na kufungiwa pamoja na hati ya kiwanja.

Wenye mpakato sogeeni meza hii, flashi ya Debian ninayo. Ila toeni picha zenu kwanza; tukishaanza kuiweka, diski yote inafutwa.