Kanuni Yenye Jina la Nukta

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunipokea. Nimeambiwa nina dakika chache kabla ya chai, na najua mtu wa kompyuta akisimama kabla ya chai watu huanza kuhesabu maandazi. Basi nianze na kisa.

Mwaka juzi niliitwa na kampuni moja ya hapa Dar es Salaam. Jina lake litabaki mfukoni mwangu. Wanaagiza vigae kutoka nje. Mhasibu wao, dada makini sana, alikuwa amelipa ankara ya kontena mbili. Wiki tatu baadaye muuzaji akapiga simu: mbona hela haijaingia? Dada akamsomea barua pepe iliyosema wamehama benki, akaunti mpya ni hii hapa. Muuzaji akaruka, hajaandika barua hiyo. Tena akalalamika kwamba amekuwa akiandika kila baada ya siku mbili tatu kuulizia malipo na hajibiwi. Dada naye akaapa kwamba hakuna barua hata moja iliyomfikia.

Wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Nikaketi kwenye kiti chake, nikafungua mipangilio ya Outlook, programu yao ya barua pepe, nikaenda kwenye kanuni, zile zinazoiambia programu ifanye nini barua inapoingia. Ilikuwepo moja tu. Jina lake nukta. Kitone kimoja, hata ukiwa na miwani unaweza kukiruka. Kanuni ilisema: barua yoyote kutoka kwa muuzaji huyu, au yenye neno ankara kwa Kiingereza, iwekwe alama kwamba imeshasomwa, kisha ihamishiwe folda ya RSS, ile ya kupokea habari mpya za tovuti. Folda hiyo imo ndani ya Outlook za watu wengi, na mimi sijawahi kukutana na mhasibu aliyeifungua. Nikaifungua. Barua kumi na moja za muuzaji zilikuwa humo, ya mwisho imeandikwa kwa herufi kubwa tupu.

Mwizi aliingia kwa nenosiri ambalo dada mwenyewe alilijaza kwenye ukurasa wa bandia, miezi kadhaa nyuma. Hakuiba kitu siku hiyo. Alikaa akisoma: nani anamdai nani, nani anasaini, bosi anasafiri lini. Halafu akatega kanuni yake na kusubiri kontena zifike. Kilichoniuma zaidi ni kwamba katikati ya hayo yote, dada aliwahi kubadilisha nenosiri, maana ofisi yao huwalazimisha kila baada ya miezi mitatu. Kanuni haikuguswa. Kubadilisha nenosiri ni kubadilisha kitasa. Kama mtu keshatoboa ukuta wa jikoni, kitasa kipya ni pambo.

Kwa hiyo leo sikuja kuwahubiria urefu wa nenosiri. Nimekuja kuwaomba mfungue ukurasa wa mipangilio, ule ambao wengi wenu mliuona mara moja tu, siku mliyoweka saini yenye nembo ya ofisi.

Kwenye Gmail ufungue kwa kompyuta, maana programu ya simu haikuonyeshi vichujio. Bonyeza kile kigurudumu chenye meno, omba mipangilio yote, kisha pitia sehemu mbili: vichujio, ndilo jina la kanuni huko Gmail, na usambazaji. Ya pili ndiyo hukuonyesha kama nakala ya kila barua yako inakwenda kwa mtu mwingine. Ukikuta anwani usiyoijua, usiifute kwanza. Piga picha ya skrini, mwite mtu wa IT, ndipo ifutwe. Halafu rudi kwenye kikasha, teremka mpaka chini kabisa upande wa kulia. Pana maandishi madogo yanayosema akaunti ilitumika mara ya mwisho lini, na ukiyafuata utaona ilifunguliwa kutoka nchi gani.

Nawaona wenzetu mnaotumia anwani za ofisi zinazoishia na .co.tz, mlizokodishiwa nafasi kwenye seva ya mtu, yaani kompyuta inayotunza barua zenu. Ninyi mna sehemu ya ziada. Usambazaji unaweza kuwa umewekwa kule kwenye seva, wala usionekane ndani ya Outlook au Thunderbird yako. Mwambieni aliyewatengenezea tovuti awafungulie mtazame. Kisha rudini kwenye mipangilio ya akaunti ndani ya Outlook au Thunderbird, mwangalie namba za poti, yaani milango ambayo barua hupitia. Programu huchukua barua kwenye seva kwa njia mbili: kupokea kwa IMAP iwe 993, kwa POP iwe 995. Mkikuta 143 au 110 na mahali pa usimbaji, yaani kuficha maandishi yakiwa njiani, pameandikwa hakuna, jueni nenosiri lenu linasafiri uchi kila mnapoingia kwenye Wi-Fi ya hoteli.

Mama mmoja ameniandikia swali kwenye karatasi hapa: inawezekanaje barua itoke kwa anwani ya bosi wangu, herufi kwa herufi, na si yeye? Swali zuri, mama. Utaratibu wa kutuma barua pepe tunaoutumia mpaka leo uliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, wakati waliokuwa mtandaoni karibu wote ni watafiti wanaojuana. Chukua bahasha: nyuma yake naweza kuandika kwamba mimi niko Ikulu, na posta wataifikisha. Ndivyo ilivyo. Kinga ilikuja baadaye, nayo inaitwa SPF, DKIM na DMARC. Hayo matatu ni maandishi ambayo mwenye anwani ya ofisi huyaweka hadharani, yakieleza ni seva zipi zina ruhusa kutuma kwa jina lake, na asiye na ruhusa afanywe nini. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanawadai yote matatu wanaotuma barua kwa wingi. Lakini ofisi nyingi ninazozikuta zimeiweka DMARC, ile inayosema asiye na ruhusa afanywe nini, katika hali ya kutazama tu: mlinzi anamwona mwizi, anaandika kwenye daftari, anamfungulia geti. Waambieni watu wenu wa IT waipandishe, pole pole, mpaka ifikie kukataa.

Viambatisho nitavipita haraka. Mei 2000 kirusi kilichoanzia Ufilipino kiliizunguka dunia kikijiita barua ya mapenzi. Jina la faili lilionekana kuishia na TXT, kumbe nyuma yake palikuwa na vbs, mkia wa faili la programu, ambayo Windows iliificha. Leo ni miaka mingi imepita, na Windows bado inaficha mikia ya mafaili ukiinunua dukani. Iwasheni ionekane, ni alama moja ya vema kwenye menyu ya kuangalia mafaili. Na Excel ikikuambia imezuia makro, yaani programu ndogo iliyofichwa ndani ya faili, kwa sababu faili limetoka intaneti, iache izuie, hata kama aliyekutumia anapiga simu kwa ukali. Hasa akipiga kwa ukali.

Kuna mpangilio mmoja ninaoupenda kuliko yote, ingawa haumhusu mwizi. Gmail hukupa sekunde tano za kuirudisha barua uliyokwisha kuituma; unaweza kuziongeza mpaka thelathini. Outlook nayo inaweza kuwekewa kanuni ya kuzuia barua dakika moja kabla haijaondoka. Mimi nimeiweka. Niliwahi kutuma orodha ya mishahara kwa Juma wa benki badala ya Juma wa utumishi, kwa sababu programu ilinimalizia jina nami nikabonyeza. Siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kosa la namna hiyo si la kuomba radhi kwenye korido tena.

Naiona chai inaingia. Wenye kompyuta, msizifunge. Fungueni sehemu ya kanuni, nitapita meza kwa meza. Na dada uliyekaa karibu na dirisha, uliyeguna niliposema folda ya RSS, nitaanzia kwako.