Viti 50: Wazanzibari katika Bunge la Muungano

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwenu nyote.

Nilipokuwa navua viatu pale mlangoni, kijana mmoja alinisogelea akaniuliza kabla hata hatujasalimiana vizuri: "Mwalimu, hivi viti 50 tulivyonavyo Dodoma, nani alitupa?" Nikamwambia aingie, atafute pa kukaa, kwa sababu jawabu lake ndiyo mhadhara wenyewe.

Swali hilo huulizwa pande zote mbili za bahari, ila kwa sauti tofauti. Bara huulizwa kwa hesabu. Sensa ya 2022 iliikuta Zanzibar na watu 1,889,773, katika taifa la watu 61,741,120. Sisi ni kiasi cha watu 3 katika kila 100. Lakini katika majimbo 272 yaliyopigiwa kura ya ubunge 2025, majimbo 50 yako Unguja na Pemba. Ukigawa, jimbo la huku lina watu wapatao 38,000 kwa wastani, na la Bara linakaribia 270,000. Mtu wa Bara akiziona tarakimu hizo anasema Wazanzibari wamependelewa. Mzanzibari akiziona anasema 50 kati ya 272 ni wachache, watashindwa kila siku. Wote wawili wanahesabu vichwa. Mimi leo nataka tuhesabu kitu kingine: nani alikuwa akimtuma yule mbunge, na akifika kule ana mamlaka gani juu ya mambo yetu. Kwangu mimi historia nzima imelala hapo.

Tuanze kabla ya Muungano, kwa ufupi tu. Zanzibar ilikuwa na Baraza la Kutunga Sheria tangu 1926, lakini uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957, kwa viti 6, na wanawake hawakupiga kura. Januari 1961 viti vilikuwa 22. Chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata 10, chama cha ZNP 9, cha ZPPP 3, na ZPPP yenyewe ikagawanyika, wawili upande wa ZNP, mmoja upande wa ASP. Ikawa 11 kwa 11, serikali haikuundika. Juni mwaka ule ule uchaguzi ukarudiwa, na watu wakauana mitaani. Wa mwisho ulikuwa Julai 1963, viti 31: ASP ilipata kura zaidi ya nusu, kiasi cha asilimia 54, lakini ikaambulia viti 13, na ZNP na ZPPP walioungana wakapata 18. Bado tunaishi na jeraha la hesabu ile. Kila Mzanzibari mzee anajua kwamba kura nyingi si lazima ziwe viti vingi, na ndiyo maana huku ramani ya majimbo haichukuliwi kuwa kazi ya wapima ardhi tu.

Sasa ikaja 1964. Mapinduzi Januari 12. Siku mia moja na kidogo baadaye, Aprili 22, Mwalimu Nyerere na Mzee Karume wakatia saini Hati za Muungano hapa Unguja. Bunge la Tanganyika likaziridhia Aprili 25, na kesho yake Jamhuri ya Muungano ikazaliwa. Hati zile ziliorodhesha mambo 11 ya Muungano, yaani yale ya kuendeshwa na serikali ya pamoja. Bunge lililokuwa likikutana Karimjee, Dar es Salaam, lile lile la Tanganyika, likageuzwa kuwa Bunge la Jamhuri yote, na ikabidi wapatikane Wazanzibari wa kukaa humo.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana hapa watu hupita mbio.

Katiba ya Muda ya 1965 iliweka utaratibu huu: wajumbe wa Baraza la Mapinduzi, chombo kilichoitawala Zanzibar baada ya Mapinduzi, wasiozidi 32 wanaingia Bungeni kwa nafasi zao, na Wazanzibari wengine wasiozidi 20 wanateuliwa na Rais wa Jamhuri kwa kukubaliana na Rais wa Zanzibar. Jumla inaweza kufika 52. Itazameni namba hiyo. Wakati ule Bara ilikuwa na majimbo 107 ya kuchaguliwa, kwa hiyo kwa idadi Zanzibar ilikuwa na kishindo kikubwa Bungeni kuliko leo. Lakini hakuna hata mmoja kati ya wale aliyekuwa ametumwa na mpiga kura. Septemba 1965 Wazanzibari walikwenda kituoni kumpigia kura Rais wa Jamhuri, ndiyo au hapana, wakarudi nyumbani. Karatasi ya mbunge hawakupewa. Ikawa hivyo 1970. Ikawa hivyo 1975.

Bibi yangu mzaa mama alipiga kura 1963. Alikuwa akitusimulia alivyotoka alfajiri na baibui lake, alivyopanga foleni, alivyoona haya kuchovya kidole kwenye wino mbele ya wanaume. Watoto wake wakakua, wakasoma, wakaoa na kuolewa, wasijue foleni ya mbunge inafananaje. Ilipokuja kurudi, miaka ya 1980, wajukuu zake tulikuwa tunaanza kubalehe.

Nawaeleza haya kwa sababu ya jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Yale mambo 11 ya Muungano hayakubaki 11. Leo Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ina mambo 22. Orodha ilianza kurefuka mapema: mambo ya fedha na sarafu yaliingia 1965, mafuta yakaingia 1968. Tukilalamika barazani, tunasema Bara imetunyang'anya. Lakini ukweli wa Bunge ni kwamba Wazanzibari walikuwamo ukumbini nyongeza zile zilipopita, na wengi kwelikweli. Tatizo ni kwamba walikuwamo kwa uteuzi. Mjumbe wa Baraza la Mapinduzi hakuwa na jimbo la kurudi, hakuwa na mkutano wa hadhara wa kuulizwa, "Mheshimiwa, mafuta umeyapeleka wapi?" Aliwajibika juu, kwa waliomteua. Sisemi walikuwa watu wabaya. Baadhi yao waliipenda nchi hii kwa moyo wao wote. Nasema kiti kisicho na mwenye kukidai hakiwezi kuyatetea mambo ya watu, hata viti hivyo viwe 52.

Mzee Karume aliuawa Aprili 7, 1972, na Mzee Aboud Jumbe akashika nafasi. Februari 5, 1977 TANU, chama tawala cha Bara, na ASP zikaungana kuwa CCM, na mwaka huo huo ikaja Katiba ya kudumu. Zanzibar yenyewe ikapata katiba yake 1979, na 1980 Baraza la Wawakilishi likaanza kazi, kwani hadi hapo sheria za Zanzibar zilikuwa zikitungwa na Baraza la Mapinduzi. Katika muongo huo ndipo Mzanzibari alipoanza kupewa karatasi ya mbunge. Haukuwa muongo mtulivu: Januari 1984 Mzee Jumbe alijiuzulu nyadhifa zake mjini Dodoma, katika kile tulichofundishwa kukiita kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa. Lakini ni mwaka huo huo Katiba ya Jamhuri ilipofanyiwa mabadiliko makubwa na Zanzibar ikapata Katiba yake ya sasa, na ilipofika uchaguzi wa 1985 tulikuwa na majimbo 50.

Tangu hapo 50 haijatikisika. Bara imepanda kutoka majimbo 182 mwaka 1995, ikafika 189 mwaka 2010, 214 mwaka 2015, na sasa 222. Sisi tumesimama pale pale. Kwa nini? Kwa sababu ya kufuli, na kufuli hiyo nataka kila mmoja wenu aijue kama anavyoijua njia ya kwao.

Ibara ya 98 ya Katiba ya Jamhuri inasema mambo fulani hayabadiliki mpaka yaungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar. Pande mbili, kila upande kwa hesabu yake. Mambo hayo yako Nyongeza ya Pili, Orodha ya Pili, nayo ni 8. Kuwepo kwa Jamhuri yenyewe kumo. Orodha ya mambo ya Muungano imo. Mamlaka ya Serikali ya Zanzibar na Mahakama Kuu ya Zanzibar yamo. Na la 8, la mwisho kabisa, ni idadi ya wabunge kutoka Zanzibar. Kwa hiyo yule ndugu wa Bara anayesema tugawane majimbo kwa vichwa, hata kama hesabu yake ni sahihi, anahitaji theluthi mbili ya Wazanzibari wamkubalie. Viti hivi havikugawiwa kwa vichwa. Vimewekwa kwa sababu nchi mbili zilikutana, na ndogo ilihitaji kuhakikishiwa kwamba haitamezwa.

Na hapa ndipo nisipokubaliana na wenzangu wanaosema wabunge wetu ni wachache, hawana nguvu. Kwenye kura ya kawaida ni kweli, wanazidiwa. Kwenye yale mambo 8, wabunge wa Zanzibar wakisimama pamoja, wabunge wote wa Bara hawawezi kuwapita. Nguvu ipo. Bunge Maalum la Katiba 2014 lilifuata mtindo huo huo wa theluthi mbili mbili, na mtaikumbuka homa iliyotushika, watu wanahesabu kura za upande wa Zanzibar moja moja. Aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wetu, Othman Masoud Othman, alipiga kura ya wazi akizikataa baadhi ya ibara. Muda mfupi baadaye hakuwa tena na wadhifa ule. Theluthi mbili ilipatikana.

Nawapa haki na ndugu zetu wa Bara, kwa sababu wana hoja. Bunge la Dodoma linatunga sheria za Muungano, na vilevile ndilo linalotunga sheria za Bara kwa mambo yasiyo ya Muungano: kilimo, skuli za msingi, hospitali, barabara. Mbunge wa Micheweni, Pemba, anapiga kura juu ya kilimo cha Mbeya. Mbunge wa Mbeya hana kauli juu ya karafuu ya Micheweni, hiyo ni kazi ya Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Chukueni mfano wa Dkt. Hussein Mwinyi, Rais wetu wa sasa. Aliingia Bungeni 2000 kwa jimbo la Mkuranga, Bara, kisha kuanzia 2005 akawa mbunge wa Kwahani, hapa mjini. Mwaka 2012 akawa Waziri wa Afya wa Jamhuri. Afya si jambo la Muungano. Mbunge wa Kwahani alikuwa na amri juu ya hospitali za Bara, na zahanati iliyo jimboni kwake ikawa chini ya waziri mwingine. Nalitaja hili kwa sababu mpango wenyewe ndivyo ulivyojengwa. Yeye hakukosea popote. Agosti 1993, kundi la wabunge 55 wa Bara lilidai Serikali ya Tanganyika, wakati joto la Zanzibar kujiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilikuwa bado halijapoa, na ndani ya madai yao kero hii ilikuwamo. Mwalimu Nyerere aliwapinga kwa nguvu zake zote na hoja ikazimwa. Swali lenyewe halikujibiwa.

Kwa upande wetu mkanganyiko huo huo unamuumiza mpiga kura. Mtu ana Mbunge na ana Mwakilishi, na huwaita wote wawili "Mheshimiwa". Bomba halitoi maji, anamwendea Mbunge. Mbunge anaahidi, kwa sababu anataka kura, wakati maji ya Zanzibar hayapiti Dodoma hata tone. Nimehudhuria mikutano ya kampeni ya ubunge ambayo neno Muungano halikutajwa mara moja. Yalitajwa maji, madawati na njia ya ndani. Sarafu, uhamiaji, mikopo ya nje, polisi, yaani yale ambayo mbunge ndiyo kazi yake, hayakuulizwa na wala hayakuelezwa. Tukimtuma mtu bila kumwambia tunamtuma nini, atarudi na nini?

Mshono unaounganisha nyumba hizi mbili, Bunge na Baraza la Wawakilishi, ni mwembamba. Ibara ya 66 inalipa Baraza la Wawakilishi nafasi ya kuchagua wajumbe wake 5 waingie Bungeni. Na Katiba ya Zanzibar, kifungu cha 132, inataka sheria ya Bunge inayogusa Zanzibar iwe ya jambo la Muungano na ipelekwe mbele ya Baraza. Hao watu 5 mngepaswa kuwajua kwa majina. Ninyi vijana mliojaa hapa, anayewajua watano wote ainyooshe mkono. Haya, shusheni, nimeona.

Nimalizie na Oktoba 25, 2015, kwa sababu siku ile ilionesha yote kwa pamoja. Mzanzibari aliingia kituoni mara moja, akapewa karatasi za aina mbili. Za Tume ya Jamhuri: Rais wa Muungano na Mbunge. Za Tume ya Zanzibar: Rais wa Zanzibar, Mwakilishi na diwani. Siku moja, skuli moja, mtu mmoja, kidole kimoja chenye wino. Oktoba 28 Mwenyekiti wa Tume ya Zanzibar akatangaza kuufuta uchaguzi. Zikafutika karatasi za Rais wetu na Mwakilishi wetu, na uchaguzi ukarudiwa Machi 20, 2016 bila ya CUF, chama kikuu cha upinzani huku. Karatasi za Muungano zikabaki halali. Novemba ile wabunge kutoka Zanzibar, wa CCM na wa CUF, wakaapishwa Dodoma. Chukwani palikuwa kimya. Kwa miezi kadhaa watu pekee waliokuwa na uhalali wa kura za Wazanzibari walikuwa wale waliovuka bahari.

Bibi yangu hakuiona siku ile. Mama yangu aliiona. Aliniuliza nimweleze ni vipi mkono wake ulikuwa sahihi kwenye karatasi hii na si sahihi kwenye ile, na mimi, mwalimu wa historia, sikuwa na la kumwambia.

Kijana wangu, wewe wa mlangoni, naona umenyanyua mkono tangu nilipotaja majimbo ya 1985. Mpeni kipaza sauti.