Posho Iliyozidi: Dai 39,000, Si 60,000

ZAITUNI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Kaka Opio, leo tuna ujumbe kutoka Jinja. Kijana anafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mikate. Mwezi wa tano alirudishwa zamu ya mchana, lakini posho ya zamu ya usiku, shilingi 60,000, ikabaki kwenye mshahara wake. Mwezi wa sita mhasibu akagundua, akamkata 60,000 zote kimyakimya. Kijana alikuja kujua siku ya kulipa pango, pesa haitoshi.

OPIO: Pole yake sana. Dada Zaituni, hapo kuna mambo mawili, na la pili wengi hawalioni kabisa. La kwanza ni hilo la kimyakimya. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 haimwachii mwajiri akate mshahara apendavyo. Makato yanayoruhusiwa yametajwa. Tena mfanyakazi ana haki ya kupewa hati ya mshahara inayoonyesha kilichokatwa na kwa nini.

ZAITUNI: Lakini pesa si yake. Mwajiri naye ana haki.

OPIO: Anayo, sikatai. Aliyepokea isiyo yake airudishe. Ila mwite, mwonyeshe hati, mkubaliane, atie sahihi. Mtu akielezwa vizuri huwa hagomi.

ZAITUNI: Na la pili?

OPIO: Hesabu. Zile 60,000 hazikumfikia zote. Tuseme mshahara wake ni 900,000. Basi chochote kinachoongezeka juu yake kinakatwa PAYE, ile kodi ya mapato ya mshahara, asilimia 30, hapo 18,000 zimekwenda. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, asilimia 5, nyingine 3,000. Mkononi alipata 39,000.

ZAITUNI: Kwa hiyo akikatwa 60,000...

OPIO: Ametoa 21,000 zake mwenyewe! Analipia kodi ya pesa ambayo hakuipata. Hili linaniuma, kwa sababu mara nyingi mhasibu hana nia mbaya. Ameandika tu 60,000 chini kule kwenye makato, baada ya kodi kuhesabiwa. Pa kuandika ni juu. Punguza 60,000 kwenye mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, wa mwezi wa sita, halafu acha PAYE na NSSF zihesabiwe upya. Anachopeleka nyumbani kitapungua 39,000 kamili. Na mwajiri naye anapata nafuu ya 6,000, ile asilimia 10 yake ya NSSF.

ZAITUNI: Kumbe na yeye alikuwa anajipunja! Na kama 39,000 kwa mkupuo zinamwumiza kijana?

OPIO: Mgawie miezi mitatu. Punguza 20,000 kwenye mshahara ghafi kila mwezi, mkononi atasikia 13,000 tu. Kosa halikuwa lake, kwa nini alale njaa?

ZAITUNI: Wengine huambiwa wairudishe kwa simu.

OPIO: Sawa, lakini gharama ya kutuma ibebwe na mwajiri. Na ujumbe wa muamala utunzwe na pande zote mbili.

ZAITUNI: Sasa pesa ndogo kabisa, tuseme 2,000?

OPIO: Mimi ningeisamehe. Muda wa mhasibu kuifuatilia una thamani zaidi.

ZAITUNI: Hapo sikubaliani sana, kaka. 2,000 kwa watu 200 ni 400,000.

OPIO: Ni kweli. Lakini likiwapata watu 200, hilo si kosa la mtu mmoja tena, programu ya mishahara ndiyo mbovu. Itengenezwe kwanza, la sivyo mwezi ujao mtarudi palepale. Ninachosisitiza ni kwamba kiwango cha kusamehe kiandikwe mapema, kiwe kimoja kwa wote. Asisamehewe meneja akakatwa mchoma mikate.

ZAITUNI: Hapo nakuunga mkono kabisa. Na aliyekwisha kuacha kazi?

OPIO: Kama bado kuna malipo yake ya mwisho, mkubaliane hapo kwa maandishi. Kama amekwisha kulipwa yote, mpigie, mwandikie barua ya heshima yenye hesabu yote, umwombe. Wako wanaorudisha. Ila kuna waajiri wanaozuia cheti cha utumishi, kile kinachothibitisha kwamba mtu alifanya kazi hapo, hadi pesa irudi. Wasikilizaji, msikubali. Cheti hicho ni haki ya mfanyakazi anapokiomba, na bila hicho kazi mpya ataipataje ili alipe hizo 39,000?