Kijiji Kimoja, Majibu Mawili: Namna ya Kuchunguza Jamii za Vijijini

Mlionialika mliniomba nizungumzie mbinu na viunzi vya utafiti wa jamii za vijijini, yaani njia za kukusanya data na mifumo ya fikra inayoongoza maswali yetu. Nimekubali, ila sitaanza na dodoso. Nikianza nalo mtaondoka na dodoso jingine, na kwa ninavyowafahamu wanafunzi wa uzamili, madodoso mnayo ya kutosha. Nitaanza na ugomvi wa zamani kuhusu takwimu.

Mwaka 1864 Urusi ilianzisha mabaraza ya mikoa na wilaya yaliyoitwa zemstvo. Katika miongo iliyofuata mabaraza hayo yaliajiri watakwimu waliopita vijijini kaya kwa kaya, wakiandika idadi ya watu, farasi, ng'ombe, eneo linalolimwa, na nani hutoka kwenda kufanya vibarua. Mwaka 1899 Lenin alichapisha kitabu kuhusu ukuaji wa ubepari nchini humo, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitoka kwenye takwimu hizo. Alizipanga kaya kwa ukubwa wa eneo lililolimwa na idadi ya farasi. Juu akawaona wachache wanaoajiri watu na kununua zana. Chini akawaona wengi wasio na farasi, wanaoishi kwa kuuza nguvu zao. Akahitimisha kuwa wakulima wanagawanyika kuwa matabaka yanayozidi kuachana.

Alexander Chayanov, mchumi wa kilimo wa Urusi ambaye kazi yake kuu ilitoka mwaka 1925, alizisoma takwimu za zemstvo kwa jicho jingine. Yeye aliuliza: kaya hii imefikia hatua gani ya maisha yake? Mume na mke wakiwa vijana wana vinywa vichache na mikono michache. Watoto wakizaliwa, vinywa vinazidi mikono, na wazazi wanalazimika kujitesa zaidi shambani. Watoto wakikua, mikono inaongezeka na eneo linalolimwa linapanuka; kisha vijana wanaoa, mali inagawanywa, kaya inarudi kuwa ndogo. Kwa hiyo kaya yenye shamba kubwa na kaya changa yenye kijishamba huenda ni za aina moja, zimekutwa tu zikiwa na umri tofauti. Chayanov alikamatwa mwaka 1930 na kupigwa risasi mwaka 1937. Siku hizo mjadala wa mbinu za utafiti haukuishia kwenye majarida.

Nani alikuwa sahihi? Ubishi haujaisha, nami naegemea kusema kwamba kila mmoja aliona jambo lililokuwapo. Ninalotaka mlishike ni la kimbinu. Takwimu zilizokusanywa mara moja ni kama picha ya mnato: zinaonyesha nani yuko juu na nani yuko chini siku ile, lakini hazionyeshi nani anapanda na nani anashuka. Picha hiyo moja inabeba maelezo yote mawili bila taabu. Ukitaka kuyatenganisha, huna budi kuzifuata kaya zile zile kwa miaka, na uamuzi huo hufanywa kabla ya kwenda uwandani. Ukirudi na data ya msimu mmoja, mchambuzi hodari kuliko wote hawezi kukufanyia jambo.

Wanaofanya utafiti wa kimaelezo msicheke, yenu yanakuja. Mwanaanthropolojia Robert Redfield alikwenda Tepoztlán, Meksiko, mwaka 1926, na kitabu chake cha mwaka 1930 kilionyesha jamii tulivu, yenye mshikamano. Mwanaanthropolojia mwenzake Oscar Lewis alianza kazi katika mji huo huo mwaka 1943. Kitabu chake cha mwaka 1951 kilijaa ugomvi wa ardhi, wivu, hofu na umaskini. Wapo waliosema miaka imepita na mji umebadilika, lakini hilo halitoshi kueleza tofauti yote. Redfield mwenyewe alilijibu baadaye, na jibu lake ni la kiungwana mno: alisema nyuma ya kitabu chake kulikuwa na swali, watu hawa wanafurahia nini, na nyuma ya kitabu cha Lewis kulikuwa na swali, watu hawa wanasumbuliwa na nini.

Sasa msichukulie kwamba kila mtu ana ukweli wake na tukalale. Ninachosema ni kwamba kiunzi hutangulia mbinu. Usipokitaja utakuwa nacho tu, umekivaa bila kujua. Na mahali kinapojificha zaidi ni kwenye kizio cha uchunguzi, yaani kile kitu unachokihesabu.

Chukueni kaya. Karibu kila utafiti wa vijijini huhesabu kaya, na humwuliza mkuu wa kaya, ambaye mara nyingi ni mwanamume aliyekaa barazani wakati wengine wako kazini. Tunadhani kaya ina mfuko mmoja na nia moja. Mchumi Christopher Udry aliichunguza dhana hiyo kwa data ya vijiji vya Burkina Faso ya miaka ya 1980, iliyokusanywa shamba kwa shamba, na kuchapisha matokeo mwaka 1996. Alilinganisha mashamba ya kaya moja, zao moja, mwaka mmoja. Mashamba yaliyosimamiwa na wanawake yalitoa mavuno pungufu kwa takriban asilimia 30, na sababu haikuwa uzembe: yalipata nguvu kazi kidogo na samadi kidogo. Kwa hesabu yake, kaya ingegawa upya samadi na nguvu kazi hizo hizo, ingevuna zaidi kwa asilimia 6 hivi. Dodoso linalouliza "kaya yako ilivuna magunia mangapi" lisingeweza kuyaona haya hata lingejazwa na watu elfu kumi. Ukubwa wa sampuli hautibu kizio kibovu.

Hata kitu kinachoonekana chepesi, kama ukubwa wa shamba, kina mitego yake. Huko Uganda watafiti walilinganisha makadirio ya wakulima na vipimo vya GPS (kifaa cha satelaiti), wakakuta wenye mashamba madogo huelekea kuyakadiria kuwa makubwa zaidi ya yalivyo, na wenye mashamba makubwa huyapunguza. Fikirini inakuwaje kwa hoja ile maarufu kwamba shamba dogo huzaa zaidi kwa ekari, wakati ekari zenyewe zimekosewa na kosa lina mwelekeo. Mtafiti Polly Hill alilijua hili mapema. Aliwafuata wakulima wa kakao kusini mwa Ghana, akayapitia mashamba yao na ramani zake, na kitabu chake cha mwaka 1963 kikaivunja dhana iliyozoeleka kwamba kakao ile ni kazi ya wakulima wadogo waliotulia nyumbani kwao. Wengi walikuwa wahamiaji walionunua ardhi mbali na kwao, wengine wakichangishana fedha kwa makundi, na kuwekeza kizazi hadi kizazi. Jambo hilo lilikuwa wazi mashambani. Ofisini halikuwa na safu ya kuliandikia.

Kuhusu kufika kijijini kwenyewe, mtafiti wa maendeleo ya vijijini Robert Chambers aliandika mwaka 1983 maneno ambayo kila mtafiti angepaswa kuyasoma kabla ya kuomba gari. Mgeni hufuata barabara nzuri, hivyo huwakuta walio kando ya barabara. Hutembelea penye mradi. Huzungumza na viongozi, wanaume, na wenye afya ya kutoka nje. Na huja kiangazi, baada ya mavuno, ghala zikiwa na kitu. Wakati wa mvua chakula kimepungua, kazi za shamba zimepamba moto, magonjwa yamezidi na njia hazipitiki. Basi mtafiti yuko chuoni anaandika ripoti. Kama ratiba yako ya uwandani imepangwa kwa likizo ya chuo, na nyingi ndivyo zilivyo, liandike hilo wazi kwenye sura ya mbinu. Halafu jiulize ni kitu gani katika matokeo yako kingebadilika ungekwenda miezi sita baadaye.

Wapo pia wasiokuwapo. Mkoani Kagera, Tanzania, utafiti ulianza mwaka 1991 na kaya zaidi ya 900. Mwaka 2004 watafiti hawakurudi kuwahoji waliobaki vijijini peke yao. Waliwatafuta na waliohama, hadi nje ya mkoa na nje ya nchi. Ulinganisho wa watu waliotoka katika kaya moja ulionyesha kwamba kuhama kuliongeza ukuaji wa matumizi yao kwa pointi za asilimia 36. Wangewahoji waliobaki tu, wangeandika habari nyingine kabisa kuhusu namna watu wa vijijini wanavyotoka kwenye umaskini.

Nimalizie viunzi haraka. Mtakutana na kile cha njia endelevu za kujipatia riziki, kilichojengwa na Chambers na Conway mwaka 1992 na kupangwa vizuri na Ian Scoones mwaka 1998, chenye rasilimali za watu, asili, fedha, miundombinu na mahusiano. Ni kizuri kwa kukumbusha kwamba mkulima haishi kwa kilimo peke yake. Udhaifu wake ni kwamba kinaweza kukuacha uhesabu rasilimali kana kwamba zimeanguka kutoka mbinguni. Ndiyo maana mimi hukioanisha na maswali manne ya Henry Bernstein, mtafiti wa masuala ya wakulima: nani anamiliki nini, nani anafanya nini, nani anapata nini, na anakifanyia nini alichokipata. Scoones mwenyewe aliyachukua katika kitabu chake cha mwaka 2015. Mwanafunzi akiweza kuyajibu kwa kijiji chake, pamoja na ndani ya kaya, kamati ya tasnifu haitakuwa na la kumsumbua. Au itakuwa nalo, lakini litakuwa la maana.

Mbinu shirikishi, zile za kuchora ramani ardhini na kupanga kaya kwa hali ya maisha, zilisambaa sana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Nazipenda, lakini mkutano wa hadhara nao ni jukwaa. Mwanaanthropolojia David Mosse alionyesha mwaka 1994, kwa uzoefu wake magharibi mwa India, kwamba zoezi linalofanywa hadharani huwapa wenye mamlaka nafasi ya kutangaza maoni yao kuwa ya kijiji kizima, na wanawake huwa hawapo au hawasemi. Ramani hiyo itumieni, ila kwanza muandike nani alishika kijiti, nani alimsahihisha, na nani alipita akienda zake. Kisha wafuateni hao wa mwisho kwa saa wanayoiweza wao, hata kama ni wakati wa palizi na mtalazimika kushika jembe mkizungumza.

Nakaribisha maswali, na ningependa tuanze na wale ambao sampuli zao zimekwisha kupitishwa.