Unatumia 2.8 halafu unatuambia tununue f/4?

Habari zenu ndugu zangu wa Bara na Visiwani, na ninyi mnaonitazama kutoka Kenya, shikamooni wakubwa. Swali ni lile lile tangu niweke zile picha za theluji: "Kaka, lenzi gani ya zumu ya kitaalamu ninunue kwanza, ya picha za kila siku?" Nimekuwa nikijibu kwa maandishi kwamba mwenye Canon atafute 24-105 f/4 iliyotumika, yaani zumu ya milimita 24 mpaka 105 yenye tundu la kupitisha mwanga la f/4 (namba ya f ikipungua, tundu ni kubwa zaidi). Basi hapo ndipo maneno yanapoanza. "Mbona wewe unatumia 24-70 f/2.8? Hutaki tufike ulipofika." Mwingine kaniandikia kwamba nina roho ya korosho. Leo nimekaa nijibu, na ninaomba usiikatishe video katikati ukaenda kusema naringa, wala usiende kusema nalalamika.

Niko kaskazini mwa Ujerumani. Mwezi wa Desemba jua linazama kama saa kumi jioni, na hata kabla ya hapo siku nyingi anga ni la kijivu tangu asubuhi. Mimi nafanya kazi ghalani kwa shifti, nikitoka kumeshaingia giza. Kwa hiyo picha zangu za kila siku ni wanangu sebuleni, watu kwenye treni, jamaa zetu tukikutana kwenye ukumbi wa kanisa wenye taa hafifu. Watu wanaotembea, mahali penye giza. Tundu la f/2.8 linapitisha mwanga mara mbili ya f/4. Pale ambapo f/4 ingenipeleka ISO 6400 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikipanda sana picha inajaa chembechembe), mimi nabaki 3200 kwa spidi ile ile ya shata, ule mlango wa kamera unaofunguka na kufunga. Na hii yangu, EF 24-70 f/2.8L toleo la pili, haina kituliza mtikisiko. Niliichukua nikilijua hilo, kwa sababu kituliza kinatuliza mkono wangu, hakimtulizi mtoto anayeruka kwenye kochi. Lenzi hii niliinunua kwa ajili ya giza la huku.

Sasa wewe uko Tanga, uko Dodoma, uko Kisumu. Una takriban saa kumi na mbili za mchana mwaka mzima. Saa sita, jua likiwa kali, unapiga f/8 kwa ISO 100 na shata bado inakwenda 1/400 ya sekunde. Ukifungua hadi f/2.8 pale pale inabidi shata ifike 1/3200. Yaani lile tundu ulilolilipia pesa nyingi unashinda umelifunga. Kitu utakachokihitaji mchana ule ni urefu wa kuvuta vya mbali: kutoka milimita 70 mpaka 105 ndipo unapopata uso wa bibi anayeuza maandazi bila kumsogelea mpaka akabadilika, ndipo unapopata watoto wa ng'ambo ya pili ya uwanja. Jioni ikiingia, ukitaka kupiga majengo au mitumbwi iliyotulia, 24-105 ina kituliza, hata lile toleo la kwanza la mwaka 2005. Ina gramu 670, ile yangu 805. Kwenye duka hiyo tofauti hutaiona, ila baada ya kutwa nzima shingo itaijua.

Anayepiga kumbi za harusi na send-off kwa malipo, sisemi naye hapa. Yeye anunue 2.8, kazi itairudisha.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi wanalipita, nami linaniuma kwa sababu pesa inapotea. Wengi mnaoniandikia mna kamera za sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha): 600D, 700D, 80D. Kwenye Canon za namna hiyo picha inabanwa mara 1.6. Ile 24 inaona kama 38, yaani upana unapungua. Sikukuu imefika, ukoo mzima umejaa sebuleni, wewe umebana mgongo ukutani na bado mjomba na shangazi wako nje ya picha. Hapo umenunua lenzi yenye pete nyekundu, alama ya lenzi za kitaalamu za Canon, na huwezi kupiga familia yako. Mwenye kamera hizo atafute EF-S 17-55 f/2.8, au Sigma 17-50 f/2.8 yenye kituliza. Hazina pete nyekundu, watu mtaani hawatageuka kukuangalia, lakini f/2.8 inabaki 2.8 kutoka mwanzo wa zumu hadi mwisho, na upana unao. Pete nyekundu ni rangi tu jamani! Kabla ya kulipa hata senti, fungua picha zako za mwaka huu kwenye kompyuta, angalia taarifa za kila picha, utaona milimita ulizotumia. Kama nyingi ziko 18, hujahitaji 105. Zikiwa zimerundikana mwisho wa zumu, 55 ya ile lenzi iliyokuja na kamera, ndipo uanze kufikiria lenzi ndefu.

Wenye Nikon za Z, ndugu wa ile 24-105 ni 24-120 f/4 S, gramu 630. Wenye Sony, Tamron 28-75 f/2.8 ina kama gramu 550 tu, ila inaanzia 28, upana umepungua kidogo. Siendelei hapo, mimi si mtu wa Sony.

Habari ya pesa. Mnadhani huku lenzi zinaokotwa. Canon walipoitangaza hii 24-70 toleo la pili mwaka 2012 bei ilikuwa dola 2,299. Mimi nilitaka kununua mpya kwa mkopo wa kulipa kila mwezi. Mshahara ninao, mkataba wa kazi ninao. Nikaambiwa kibali changu cha kuishi kinakaribia kuisha. Nikatoa karatasi ya muda inayoonyesha kwamba maombi mapya yameshapokelewa na haki zangu ziko vile vile. Kijana wa dukani akaigeuza mbele na nyuma, akaenda kuuliza kwa meneja, akarudi akasema mfumo unakubali kadi ya kibali peke yake. Miadi ya kuchukua kadi hupangi wewe, unapangiwa. Mtu ana kazi, analipa kodi kila mwezi, halafu mbele ya mashine anaonekana kama anaondoka kesho. Hilo limenikaa moyoni, na si kwa sababu ya lenzi tu. Nikaweka akiba nikanunua iliyotumika, kwa zaidi kidogo ya Yuro mia saba. Huku watu wengi wanahamia kamera mpya zisizo na kioo cha ndani cha kuakisi picha, wanauza lenzi zao za EF, zile za kamera za Canon zenye kioo hicho, na hizo hizo zinafanya kazi kwenye kamera mpya za Canon kwa adapta.

Ukinunua iliyotumika, huku au Kariakoo, washa tochi ya simu uipitishe ndani ya kioo. Ukiona nyuzi nyuzi kama za buibui, hiyo ni fangasi, acha, hata bei iwe tamu vipi. Sisi wa pwani tunaujua unyevu wetu. Ukishanunua, usiifungie kwenye begi la ngozi kabatini, weka kwenye kontena la plastiki linaloziba vizuri pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu. Na ile 24-105 ya kwanza inajulikana kwa waya mwembamba wa tundu kukatika, kamera inaandika ujumbe wa hitilafu, Err 01. Kwa hiyo piga ukiwa 24, piga ukiwa 105, kwa f/4 na kwa f/11. Ikigoma hata mara moja, mrudishie mwenyewe.

Mwisho, wanaosema "tuletee, si unarudishiwa kodi". Mimi ni mkazi wa Ujerumani, sirudishiwi chochote. Kodi ya mauzo hapa ni asilimia 19 na imo ndani ya bei: kwenye Yuro 1,190, kodi ni 190. Anayeweza kuidai ni mgeni anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya, kwa manunuzi yanayozidi Yuro 50, na mzigo utoke ndani ya miezi mitatu baada ya mwezi alionunua. Anayepitia Uingereza asahau, utaratibu huo ulifutwa kule madukani tangu Januari 2021. Na kwa lenzi iliyotumika, mara nyingi risiti haionyeshi kodi kabisa, hivyo hakuna cha kudai. Haya ni kwa hali yangu na ninavyopiga mimi, yako yaweza kuwa tofauti. Ila kama una ndugu anayekuja huku kutembea, mwambie aombe fomu ya kurudishiwa kodi dukani kabla ya kulipa, na uwanja wa ndege aende forodha kupigiwa muhuri kabla hajakabidhi begi, kwa sababu watataka kuiona lenzi yenyewe.