Kosa Lina Mwenyewe

Walionisikia siku nyingine wanivumilie, maana leo narudia lile lile: kosa kwenye fomu lina mwenyewe, na mwenyewe si namba ya mstari. Fomu ya visanduku vitano visivyobadilika siizungumzii. Kila mmoja hapa ameshaitengeneza. Nazungumzia fomu inayokua huku mtu akiijaza: akibonyeza "Ongeza" unazaliwa mstari, akibonyeza "Futa" unatoweka.

Niliwahi kukabidhiwa fomu ya namna hiyo, ya kuandikisha washiriki wa mafunzo. Jina, tarehe ya kuzaliwa, simu. Mama mmoja alikuwa akiandikisha watu 14. Akatuma, seva, yaani kompyuta inayopokea fomu, ikakataa na kujibu: watu.4.tarehe si sahihi. Hesabu huanzia sifuri, kwa hiyo ni mtu wa tano. Mpaka hapo sawa, alama nyekundu imekaa panapostahili. Lakini kabla hajarekebisha, akakumbuka kwamba mtu wa pili amejitoa, akamfuta. Mistari ikapanda: wa tano akawa wa nne, wa sita akawa wa tano. Orodha yetu ya makosa haikusogea, bado inasema 4. Alama nyekundu ikamwangukia mtu ambaye hana kosa lolote.

Yule mama akaitazama tarehe, akaiona sawa. Akarudi kwenye karatasi yake, akailinganisha, bado sawa. Mwishowe akaiamini kompyuta kuliko karatasi, akaibadilisha. Alipotuma tena, seva ikamtaja mwenye kosa halisi, akamrekebisha, fomu ikapokelewa. Kwenye hifadhidata akabaki mtu mwenye tarehe ya kuzaliwa isiyo yake, na hakuna mahali popote palipoonyesha tatizo. Tulijua siku cheti chake kilipotoka.

Wenzangu wakasema mama hakuwa makini. Hilo liliniudhi na linaniudhi mpaka leo. Alisoma karatasi mara mbili! Sisi ndio tuliomwambia uongo kwa rangi nyekundu.

Dawa yake si ngumu. Mstari unapozaliwa, upewe kitambulisho chake: UUID, yaani namba ndefu isiyojirudia, au hata hesabu inayopanda tu na isiyorudia namba iliyokwisha kutumika. Kitambulisho hicho kiende seva pamoja na data, na seva ikitaja kosa, itaje kitambulisho hicho. Mstari ukifutwa, makosa yake yaondoke nao. Mnaotumia React, ile maktaba ya JavaScript ya kujenga kurasa, mmeshaonywa kutotumia nafasi ya mstari kama key, alama ya kuutambulisha. Sababu ni hii hii. Na mnaotumia formset, fomu ya mistari mingi ya Django upande wa seva, ukifuta mstari wa katikati kwenye ukurasa, ukapunguza TOTAL_FORMS, ile idadi ya mistari inayotumwa, bila kupanga upya namba zilizo kwenye majina ya visanduku, mstari wa mwisho hausomwi kabisa. Haukataliwi, hausomwi. Hapo hata hilo kosa la kuonyesha hulipati.

Kuna atakayeniambia: mbona kipo kiwango, JSON Pointer, njia ya kutaja mahali ndani ya data iliyotumwa? Kimo kwenye RFC 6901, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2013, na RFC 9457 ya 2023, ya namna seva inavyoeleza makosa, ina mfano unaoitumia. Nakubali, na ni kazi nzuri. Lakini kinachotajwa pale ni nafasi ndani ya waraka uliotumwa. Waraka ule hausogei, skrini inasogea. Kwa hiyo kama seva si yako na huwezi kuibadilisha, hifadhi mpangilio wa vitambulisho kama ulivyokuwa wakati wa kutuma. Jibu likirudi na 4, uliza nani alikuwa wa 4 wakati ule. Usiulize nani yupo pale sasa.

Mwingine atasema: nitahakiki kila kitu kwenye kivinjari, seva isiwe na la kukataa. Haiwezekani. Mtu anaweza kutuma data bila kuigusa fomu yako, na kama namba ya simu imekwisha kuandikishwa, ni seva tu inayojua. Lazima ipo siku jibu litatoka huko, na litakuta mistari imeshasogea.

Nimekula muda, mengine nayataja mbio. Kisanduku ulichokificha kwa CSS, lugha ya mwonekano wa ukurasa, huku kikiwa na required, yaani lazima kijazwe: kivinjari kinagoma kutuma, na ujumbe hakina pa kuuonyesha. Mtu anabonyeza kitufe, kimya. Kiondoe, au kiwekee disabled, yaani kizime, ukijua kwamba cha disabled hakitumwi. Anayetumia setCustomValidity, amri ya kukipa kisanduku ujumbe wako wa kosa, asisahau kuirudishia maandishi matupu kosa likiisha, la sivyo kisanduku hakitapona kamwe. Na unaponakili kiolezo cha mstari, unanakili na id zake, yaani majina ambayo kila moja lingepaswa kuwa la kipekee kwenye ukurasa. Aria-describedby, inayounganisha kisanduku na ujumbe wake, kwa mtu wa saba inaishia kwenye ujumbe wa mtu wa kwanza, na anayetumia kisoma skrini, programu inayosoma ukurasa kwa sauti, anasomewa kosa la mwingine. Ni ugonjwa ule ule. Rangi pekee pia haitoshi, kifungu 3.3.1 cha WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, kinataka kosa lielezwe kwa maandishi.

Kabla ya maswali, nawaomba kila mwenye fomu ya namna hii aifungue sasa hivi. Ongeza mistari mitatu, kosea kwenye wa pili jambo ambalo seva tu ndiyo italikataa, tuma, halafu futa wa kwanza. Niambie alama nyekundu iko kwa nani.